Gumzo la avenyi yetu (mtaa mumoja wa Goma, Kongo): kuku na lengalenga (mchicha)

Mama Furaha: Bonjour kwa wote. Mi sitaki matata na mutu lakini leo asubuhi nimekuta kuku tano mu lengalenga yangu, ile yenye haina manyoya ku shingo njo ilikuwa inaongoza, zimechimba mpaka ku jiwe

Mama Furaha: 📷 Picha

Mama Neema: Mungu wangu 😳 ile yote ni leo?

Mama Furaha: Leo! Na musiseme ni lengalenga tu. Huo udongo nilinunua mufuko kwa mufuko, mwenye chukudu ya mbao ya kubeba mizigo nikamulipa, kijana wa kutoa ku barabara mpaka nyuma ya nyumba nikamulipa. Sasa kuku zimeumwaga wote ku njia ya maji, mvua ikinyesha unaenda ku ziwa bila mimi

Mama Neema: 😂😂 bila mimi

Papa Espoir: Pole mama. Lakini kuku haijue mupaka ya parsele. Mutu akipanda mboga azungushe. Ku kijiji tulikomeaka vile, mwenye shamba njo anajenga lupango, mwenye kuku analala

Mama Furaha: Ku kijiji kuku iko na kilima muzima Papa Espoir. Hapa iko na njia ya pikipiki na shamba yangu

Gloire: Team Mama Furaha ✋

Papa Jules: Gloire wewe nyamaza, unakulaka mayai za nani?

Mzee Bahati: Wanangu, polepole. Mbele ya 2002 hapa tulikuwa na udongo muzuri, unapiga jembe linaingia. Kisha ile tarehe 17 mwezi wa kwanza moto ya volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya muji mpaka ku ziwa, sisi tukarudi tukajenga juu ya mawe. Njo maana udongo leo unauzwaka. Kwa hiyo Papa Espoir, ile kitu ya kijiji sawa, lakini kijiji haikuwa inanunua udongo

Papa Espoir: Nimekusikia mzee

Gloire: Si tuweke tu griyaji, ule wavu wa waya? Ku maduka ya Birere iko

Papa Jules: Griyaji utaishikisha ku nini mwana? Chini ni jiwe. Mi nilitaka kusimamisha miti ya kuanika nguo, nyundo ndo ilivunjika, mti hata haukuguswa

Ya Patient: Miti haiingie lakini inasimama. Iko namna mbili. Unaweza kukata bido (jerikani) ya zamani, unaingiza mti katikati, unajaza mawe madogo na simenti kidogo, ikikauka unaipanga ku kona ya shamba na griyaji inafungwa hapo na waya, na siku ukitaka kuhamisha unahamisha, hiyo ni faida kwa mwenye anapanga nyumba. Ao unajenga ukuta ya mawe ya volkano mpaka ku goti, bila simenti, unabana miti mu mawe. Mawe hapa hatununue ata moja. Kitu cha kuangalia ni chini, kuku haikosake kutafuta pa kupita chini, kwa hiyo griyaji ikunjwe kwa inje na mawe yalale juu yake

Ya Patient: Na juu musigongomee ubao!! Kuku haina akili ya kuruka ukuta moja kwa moja, inarukaka kwanza ku kitu cha kusimama, inaangalia, njo inashuka upande wa pili. Ukiiacha griyaji inalegea juu, haina pa kutua, mingi zinaachana nayo

Mama Neema: Aaa njo maana zinasimamaka ku ukuta yangu kama zinangojea misa

Mama Furaha: Mi nilifunika na chandarua, zikaingia chini

Papa Jules: Chandarua gani? Zile za kugawa ni za kulalia mama

Mama Furaha: Ya zamani Papa Jules, imepasuka, hata mbu zilikuwa zinaingia tatu tatu

Ya Patient: Chandarua ni muzuri ku pepinyeri, pale pa kuotesha miche, lakini uivute ikaze na uibane na mawe pande zote, ikilegea kifaranga kinafungwa miguu kinakufa humo, na hapo vita itakuwa ingine. Mbegu zenye hazijatoka bado unaweza pia kulaza juu matawi ya bougainvillea yenye miiba, miche ikikomaa unatoa. Hatari kubwa ni zile wiki za kwanza. Udongo wenye umelimwa leo njo kuku inapenda, juu wadudu wametoka na vumbi ni laini ya kuogea. Lengalenga ikisha kukomaa itakula majani lakini haitang'oa

Gloire: Kuku inaogaka?? 😂

Ya Patient: Inaoga vumbi, ya kutoa utitiri. Papa Espoir muwekee yenu pine ya gari yenye haina kazi, mutie majivu na mchanga kavu, pasipate mvua. Ikikosa pa kuogea nyumbani itaoga kwa Mama Furaha

Papa Espoir: Pine iko. Na kukata bawa munasemaje? Kuna mutu aliniambia

Ya Patient: Inasaidia, ila ni bawa moja tu, yale manyoya marefu ya mwisho. Ukikata yote mbili inaruka tu sawa, chini kidogo. Likiwa moja inapinduka. Usikate unyoya wenye unaota bado, ule wenye shina yake iko na damu ndani, itavuja sana. Na yakiota upya unakata tena

Mzee Bahati: Mimi sipendi hiyo. Mbwa za usiku ziko na kipanga iko. Kuku bila bawa itakimbilia wapi

Papa Espoir: Njo nilikuwa nafikiri pia. Yenye inarukaka ni moja tu, ile ya shingo

Mama Furaha: Ukate hiyo. Ao ukate shingo yenyewe

Mama Neema: 😂😂😂 nilete ndizi?

Papa Jules: Tuseme ukweli bandugu. Ku avenyi moja huku juu mutu aliweka sumu ya panya mu shamba juu ya kuku za jirani. Tusifike pale

Mzee Bahati: Hapana. Mutoto anaweza kuokota. Ao kuku inakula, mwenyewe anaona inayumba, anaichinja haraka isipotee, jamaa yote inakula. Hiyo neno isirudi mu hii grupe

Mama Furaha: Mzee hakuna mwenye anafikiria hiyo. Mi ninachoomba ni zifungwe tu

Papa Espoir: Mama nikizifunga siku muzima nitazilisha nini? Mahindi mumeona bei. Kuku ya kienyeji inajitafutia, njo faida yake

Ya Patient: Si siku muzima. Zifunguliwe saa kumi. Giza ikikaribia kuku inarudi yenyewe kulala, kwa hiyo zitatembea masaa mbili hivi, zitakula wadudu, hazitapata wakati ya kuharibu shamba yote. Asubuhi muwape maji na yale majani ya shu (kabeji) yenye wamama wanatupa ku soko, muyafunge na kamba yaning'inie, zinaruka zinakula zinasahau

Ya Patient: Na kuku mingi zinatagaka asubuhi Papa Espoir. Zikiwa ndani asubuhi, mayai yatabakia ndani

Papa Espoir: Ngoja. Kwa hiyo sasa zinatagaka wapi?

Gloire: Nyuma ya choo ya Mama Neema 😇

Papa Espoir: ???

Papa Jules: Mama Neema tunakuona uko mu laini

Mama Neema: Watoto waliokota wakasema ni ya Mungu

Mama Furaha: 😂😂😂😂😂

Papa Espoir: Kuku tano na kila wiki natafuta mayai nasema labda zimezeeka. Dakor. Dakor kabisa. Zitabakia ndani

Mzee Bahati: Sasa tusikilizane. Siku ya posho (jumamosi), kisha salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha, vijana wabebe mawe kwa Mama Furaha, Patient aonyeshe namna

Papa Espoir: Griyaji natoa nusu. Na mavi ya kuku mama atakuja kuchukua bure

Mama Furaha: Aksanti. Naweza kutia moja kwa moja?

Ya Patient: Hapana, mbichi inaunguza mboga na iko na microbe, hamutakula lengalenga salama. Lundika na majani makavu, funika, uwe unageuza, ibaki miezi kazaa ndo utie

Papa Jules: Na waya na misumari nani?

Gloire: Mama Neema, alipie mayai

Mama Neema: Sawa nitatoa waya 🙄 misumari hapana

Papa Espoir: Basi kuku nafungua saa tisa

Mama Furaha: Saa kumi

Papa Espoir: Saa tisa na nusu

Mama Furaha: Papa Espoir.

Papa Espoir: Saa kumi