Mrejesho: herufi za mwanga zilizokuwa zinatoka kinyume

Wakuu, narudi na mrejesho. Swali lilikuwa: kwa nini herufi tunazochora hewani kwa tochi, gizani mbele ya kamera inayobaki wazi kwa sekunde kadhaa, zinatoka kinyume, zimeungana na zina mafundo ya mwanga?

Kinyume ni kwa sababu mchoraji anaitazama kamera, hivyo kulia kwake ni kushoto kwa picha. Aandike kama kawaida, kisha picha igeuzwe kushoto-kulia kwenye programu. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y hazihitaji hata hilo, pande zake mbili zinafanana.

Kuungana kumeisha kwa kuziba tochi kwa kiganja kila mstari unapokatika. K huzibwa mara moja tu, baada ya mstari wa wima. Mikono yake miwili huchorwa kwa mkupuo mmoja.

Mafundo ndiyo yalisumbua zaidi. Mkono ukisita kwenye kona, mwanga hukaa pale muda mrefu na mstari hunenepa. Dawa ni kuchora kwa bega, kwa kasi moja. S ni tamu kweli: kiuno kinageuka, magoti yanakunjika, herufi inalingana na kimo cha mtu.

Vipimo vilivyokubali: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), kamera kubaki wazi sekunde 15, kamera kwenye stendi umbali wa mita 4, nguo nyeusi, tochi yenye utepe mweusi uliotobolewa milimita 5. Fokasi ilengwe kwenye tochi iliyowashwa, kisha otomatiki izimwe, la sivyo kamera hutafutatafuta gizani na herufi hutoka na ukungu.