Wajibu wa kampuni kwa jamii: sheria au hiari?

Mleta mada: Wakuu, marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii, akubaliane na halmashauri. Kwa nini iwe madini tu? Hapa Dodoma kuna benki, kampuni za simu, viwanda vya mvinyo, makandarasi wa nje. India kwa sheria yao ya 2013 kampuni kubwa zinatenga asilimia 2 ya faida. Sisi tunashindwa wapi?

Mzee wa Area D: Napinga. Kodi wanalipa, ushuru wa huduma halmashauri inachukua. Mkiwabana zaidi, bei itatuangukia sisi. Halafu tuambizane ukweli, Wagogo mmezoea kuomba.

Binti Mvumi: Mzee wangu, shikamoo, lakini hiyo ya mwisho ifute. Njaa ya Mtunya hapa Ugogo unaijua? Vita ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza walisomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Aliyeporwa ndiye ombaomba?

Mzee wa Area D: Marahaba. Hayo ya miaka mia iliyopita hayajagusa kodi.

Mwalimu Kongwa: Tusogee karibu basi. Mradi wa kulima karanga huku Kongwa, 1947, ulianza mikononi mwa United Africa Company, tawi la Unilever. Mvua haba, udongo wa kiangazi mgumu kama saruji. 1951 ukafutwa. Miti iliyong'olewa Kongwa nani aliifidia?

Kijana wa Nkuhungu: Mwalimu, Unilever walikuwa mawakala. Fedha ilikuwa ya serikali ya Uingereza, na 1948 shirika lao la umma likashika mradi. Huo mfano unaibana serikali, sio kampuni.

Mwalimu Kongwa: Mwenyeji hasara yake ni ileile!

Binti Mvumi: Kauli bado haijafutwa.

Mchimbaji mdogo: Jamani, kijijini kwetu sheria ipo na mpango upo. Mkutano mkuu wa kijiji uliomba kisima, yakaja madawati yenye nembo ya kampuni. Mama zetu wanachota maji korongoni mpaka leo. Mpango ubandikwe ofisi ya kijiji kabla haujasainiwa, tuusome.

Mzee wa Area D: Hilo la kubandika naliunga mkono. Kauli sifuti, nilisema wa mjini.

Binti Mvumi: Ulisema Wagogo. Watu wote wamesoma.