Chaja ya zamani ya transfoma: ninunue mpya ya otomatiki au hii inatosha?

GerejiKariobangi

Wadau, salamu. Hapa gereji kuna chaja ya transfoma ya miaka mingi, ile ya bodi ya chuma yenye mita ya ampea, swichi ya 12/24 na nyingine ya LOW/HIGH. Kuchaji inachaji. Shida ni kwamba betri ikilala humo, asubuhi maltimita inasoma volti 16.1 kwenye vichwa vya betri, seli zinachemka na ubavu wa betri una joto. Kwenye LOW inaanza na ampea 6 hivi na haishuki chini ya 3 hata betri ikishajaa.

Betri zinazoingia ni mchanganyiko: saizi za NS40 na NS60 za magari ya saluni, N70 za pikapu, jozi za lori za Isuzu NQR za volti 24, na siku hizi Demio za i-stop (injini inajizima gari likisimama) na Prius zimezidi. Nyingi ni zile zilizofungwa, hazina vifuniko vya kujazia maji. Je, ninunue ya otomatiki, au hii ikirekebishwa inatosha? Na nikinunua iwe ya ampea ngapi? Mwenye duka pale mtaa wa Luthuli ananisukumia ya 30.

VoltiKumiNaMbili

Hizo 16.1 zimeshajibu nusu ya swali. Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita. Kila seli ikikaribia volti 2.4, yaani 14.4 kwa betri nzima, sehemu kubwa ya stima unayoendelea kusukuma inaacha kuingia kwenye pleti (bati za risasi ndani ya seli) na kuanza kuvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Ampea-saa moja ya ziada inakula kama gramu 0.34 za maji kwa kila seli, tuseme gramu 2 kwa zote sita. Ampea 3 kwa saa nane ni ampea-saa 24, kwa hiyo karibu mililita 48 zimeondoka usiku mmoja. Kwenye N70 ya vifuniko unaongeza maji ya betri na kazi inaendelea. Kwenye iliyofungwa hakuna pa kuyarudishia, na kwenye AGM kama ya Prius ni mbaya zaidi, kwa sababu asidi yake imenyonywa kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo. Kitambaa kikikauka, uwezo umeisha na hakuna dawa.

Kuhusu kwa nini inaharibika usiku: chaja ya transfoma haishiki volti, inafuata stima ya ukutani. Mchana viwanda na majirani wakiwa kazini unaweza kupata 230, usiku wa manane ikapanda hadi 250. Hiyo ni asilimia 9 tu, lakini ampea hazipandi kwa asilimia 9. Kinachosukuma ampea ni tofauti kati ya volti za chaja na za betri. Chaja ikiwa inatoa 16 na betri ina 14, tofauti ni 2. Ikipanda hadi 17.4, tofauti inakuwa 3.4, na ampea zinaongezeka kwa asilimia 70, tena saa ile ambayo betri imekaribia kujaa na haitaki kitu.

Ya otomatiki inasukuma ampea zake zote hadi betri ifike 14.4 au 14.7, kisha inashikilia volti hapo na kuacha ampea zishuke zenyewe. Zikibaki kidogo sana, kama ampea 1 kwa N70, inateremka hadi 13.5 au 13.8, na hapo betri inaweza kukaa hata wikendi nzima. Ukipata yenye kihisi cha joto, chukua. Vipimo hivyo vimewekwa kwa nyuzi joto 25, na gereji ya Nairobi usiku wa Julai inaweza kushuka hadi 12. Kwa kila nyuzi inayopungua betri inahitaji kama milivolti 24 zaidi, kwa hiyo 14.4 inatakiwa kuwa 14.7 hivi. Bila hiyo utatoa betri ambayo taa ya chaja inasema imejaa na haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) inasoma 1.240, yaani haijajaa.

Ya 30 iache dukani. Kanuni ni asilimia 10 ya uwezo: NS60 ni ampea-saa 45, inataka ampea 4 au 5. N70 inataka 7. Betri ya Prius usiipe zaidi ya 4. Nunua mbili za ampea 8 au 10 zenye chaguo la kupunguza. Utachaji betri mbili kwa wakati mmoja, na moja ikiungua kazi haisimami.

daiodi_nne

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu betri zilizofungwa. Ila usiitupe hiyo transfoma, na kabla ya kuihukumu ifungue.

Chomoa stima, toa kifuniko, angalia rektifaya (kinachogeuza stima ya AC kuwa DC) ni ya aina gani. Ukikuta vibati vya mraba vilivyopangwa kwenye nondo kama mishikaki, hiyo ni seleniamu. Mafundi wengi wakiiona imechoka wanafunga daraja la kisasa la silikoni (daiodi nne ndani ya kipande kimoja), kwa mfano KBPC3510, halafu wanashangaa chaja imeanza kuchemsha betri kuliko zamani. Sababu ni kwamba seleniamu yenyewe inakula volti nyingi kuliko silikoni, na transfoma ilizungushwa kwa hesabu hiyo. Ukibadilisha, volti zote ulizookoa zinahamia kwenye betri. Pengine 16.1 yako imetoka hapo hapo. Ukikuta daraja la KBPC kwenye chaja ambayo umri wake ni wa seleniamu, ujue kuna mtu alishapita.

Kama ni silikoni tangu mwanzo, pima daiodi zote nne kwa maltimita: upande mmoja isome kati ya 0.4 na 0.7, upande wa pili isisome kitu. Moja ikikatika, chaja inatoa nusu ya mawimbi, ampea zinapungua karibu nusu na transfoma inanguruma na kushika moto. Ikishoti, fyuzi inaruka kila ukiwasha. KBPC3510 ni kitu rahisi kupata mtaa wa Luthuli. Lazima ikalie bati la alumini na ipakwe mafuta ya kupitisha joto. Kwa ampea 10 inatoa karibu wati 20 za joto, na ikining'inia hewani haitamaliza mwezi.

Kwa betri za vifuniko, weka taima ya ukutani ya saa nne au tano na uendelee kuitumia.

VoltiKumiNaMbili

Hapo kwenye taima tunatofautiana, fundi. Taima haijui betri imeingia na nini. N70 iliyo na volti 12.4 bado ina robo tatu ya chaji, na saa tano za ampea 7 ni kuipikia. Ile iliyoingia na 11.9 haitakuwa imejaa. Kama unatumia hiyo chaja, tumia haidromita: kila saa pima seli, na zikisoma 1.265 hadi 1.280 mara mbili mfululizo bila kupanda, chomoa. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa pleti zikiwa wazi kabisa. Ukijaza kabla, gesi inainua asidi na kuimwaga juu ya betri. Maji ya bomba hapana.

SpeaKirinyaga

Niongeze upande wa kununua, kwa sababu neno otomatiki kwenye boksi halina maana yoyote mpaka upime. Kuna chaja nyepesi zenye skrini ya rangi zinazojiita za ampea 10 na zinatoa 5. Nyingine zinapanda hadi 15 na kitu na kukaa hapo hapo.

Nenda dukani na maltimita, na kama unaweza beba betri iliyoshuka, yenye kama 12.0. Kwanza soma nyuma ya chaja: ile inayoandika ampea 10 kwa volti 14 inatoa wati 140, kwa hiyo upande wa stima lazima ikubali angalau wati 160. Ukiona imeandikwa wati 80, ampea 10 hazipo. Pili, iunganishe na betri na upime ampea kwa klampu ya DC (kipimo kinachobana waya). Tatu, muulize muuzaji kama anarudisha, kisha nyumbani uiache ifike mwisho na usome volti za kileleni na za kupumzikia. Zaidi ya 14.8 kwa betri iliyofungwa, irudishe. Ikiwa na chaguo tofauti la AGM, ni dalili nzuri. Kile kitufe cha "repair" kinachotuma mapigo kinaweza kusaidia kidogo betri yenye salfeti changa (ukoko unaoganda kwenye pleti). Seli iliyoshoti au pleti zilizomwagika hakirudishi, na usikibonyeze kamwe ukiwa umeunganisha betri ya lithiamu ya sola.

Usishawishiwe na hadithi ya kuokoa stima. Kujaza betri ya ampea-saa 60 kutoka sifuri ni kama uniti 1 kwa chaja mpya na 1.3 kwa transfoma. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, tofauti ni shilingi 9. Unachookoa ni betri za wateja.

Hizi mpya zina udhaifu mmoja ambao transfoma haina: stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, bodi inaungua. Weka gadi ya friji kwenye soketi, na feni yake ipulizwe vumbi mara kwa mara. Vumbi la grainda ni la chuma, likitua kwenye bodi linashotisha.

GerejiKariobangi

Asanteni sana. Nimeifungua, na ni KBPC iliyofungwa mahali palipokuwa na nondo ya vibati, alama za boliti bado zipo. Mawili ya mwisho. Otomatiki niliyoazima inakataa betri yenye volti 4, inasema hakuna betri. Na hizi jozi za NQR nizichaji pamoja kwa 24 au?

VoltiKumiNaMbili

Inakataa kwa usalama: ikiona volti chache mno haijui kama ni betri iliyokwisha, seli iliyoshoti, au vibanio vimegusana. Hapo ndipo transfoma yako inapata kazi. Iweke LOW, dakika 15 hadi 30, ukiwa umesimama karibu na maltimita. Volti zikipita 10.5, zima, hamishia kwenye otomatiki. Zikigoma kwenye 10 na kitu na seli moja tu haitoi mapovu wakati nyingine zinatoa, seli hiyo imeshoti, mwambie mteja atafute betri. Ukiona inaruka hadi 15 papo hapo lakini ampea ni sifuri, ni salfeti au kiunganishi cha ndani kimekatika.

Za NQR zitenganishe, kila moja ichajiwe peke yake kwa 12. Zikiwa zimeungana, chaja inaona 28.8 na kuridhika, kumbe moja ina 15.4 na nyingine 13.4. Iliyo nzima inachemshwa, dhaifu inabaki njaa. Baada ya kuchaji ziache saa kadhaa bila mzigo, pima zote mbili, na zikitofautiana zaidi ya 0.2 usizirudishe kama jozi. Ukibadilisha, badilisha zote mbili.

Na soketi izimwe kabla ya kutoa vibanio, kila mara. Haidrojeni inalipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, na mahali inapojikusanya ni pale pale juu ya vichwa ambapo cheche inatokea. Betri ikiwa bado garini, kibanio chanya kwanza, hasi kwenye chuma cha injini mbali na betri, soketi mwisho.