Datsun 1600 SSS: kabureta mbili hazipatani baada ya injini kufumuliwa

Mkazi wa Arusha

Ndugu mafundi, naomba msaada wenu. Ninayo Datsun 1600 SSS, aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970, yenye injini ya L16 ya ujazo wa cc 1,595 na kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU, yaani zenye pistoni ndogo ndani inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa. Injini ilifumuliwa Tanga, ikawekewa ringi na beringi mpya, na kabureta zikaoshwa na kufungwa gaskiti mpya. Tangu nilipoipandisha Arusha haitulii kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa ekseleta): mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, na nikikanyaga ekseleta ghafla inakohoa kabla ya kuchanganya. Nilipofungua plagi, nilikuta za silinda ya 1 na ya 2 zina rangi ya kahawia, ilhali za 3 na 4 ni nyeusi ti kwa masizi. Nati za jeti (tundu linalopitisha petroli) nimezigeuza mara nyingi kiasi kwamba sikumbuki tena zilikuwa wapi mwanzoni. Nianzie wapi?

Mzee wa Plantina

Kijana wangu, weka bisibisi chini kwanza. Kabureta husingiziwa makosa mengi ambayo si yake, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba nafasi za vali ziko sawa injini ikiwa ya moto (milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa), kwamba plantina (ncha zinazokata umeme ili plagi itoe cheche) haijaungua, na kwamba taiming, yaani wakati wa cheche, imepimwa kwa taa, si kwa kukisia kwa sikio.

Hayo yakiwa sawa, nina swali moja: je, kabureta zote mbili ziliogeshwa katika beseni moja? Naliuliza kwa sababu kila pistoni ya kabureta ya aina hii imechongwa iendane na kifuniko chake, na vikibadilishana, pistoni hukwaruza ukutani na kupanda kwa shida. Ikigoma kupanda, upenyo wa hewa unabaki mwembamba, mvuto juu ya jeti unazidi, na petroli inafyonzwa kupita kiasi. Masizi ya silinda ya 3 na ya 4, ambazo hulishwa na kabureta ya nyuma, yananielekeza huko. Toa fimbo ya juu yenye oili, inua pistoni kwa kidole hadi mwisho, kisha iachie. Inapaswa kushuka bila kusita na kugonga chini kwa mlio wa “tak” ulio wazi. Ikishuka kimya kimya, umempata mwizi.

Fundi wa Chumbageni

Naunga mkono, ila naongeza jambo ambalo wengi hulikosea: sawazisha hewa kabla ya kugusa petroli. Legeza kiungo kinachounganisha ekseli (vyuma vinavyofungua hewa) za kabureta mbili ili kila moja ijitegemee, kisha weka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, ugeuze skrubu za sailensa mpaka mvumo ufanane pande zote kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika. Ukikaza kiungo kabla ya hapo, kabureta moja itaiburuta nyingine na utageuza nati hadi jioni.

Ndipo uje kwenye jeti. Pandisha nati zote mbili hadi mwisho, zishushe mizunguko miwili na nusu, uwashe, kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja tu. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukianguka papo hapo, imepungua. Ukipanda kidogo kisha ukarejea, umefika. Fanya hivyo upande wa pili, halafu rudia kupima hewa, kwa maana kimoja hukivuruga kingine.

Mkazi wa Arusha

Mzee, shikamoo. Fundi aliyeziosha amekiri kwamba vipande vyote vilikuwa katika beseni moja. Pistoni ya nyuma ilikuwa ikishuka kama kijiko ndani ya uji. Nimebadilishana pistoni pamoja na sindano zake zinazoingia kwenye jeti, na sasa zote mbili zinagonga. Nimefuata utaratibu wa hewa kwanza, na sailensa imetulia, ila bado inakohoa kidogo nikikanyaga ghafla, na plagi zote nne sasa zina weusi mwepesi.

Mzee wa Plantina

Marahaba. Kukohoa huko kunatokana na fimbo za juu kukauka: zijaze oili nyepesi, usiweke gia oili. Weusi uliobaki ni wa mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo kipimo kilichofaa pwani kinazidisha petroli hapo Arusha. Pandisha nati zote mbili kwa robo mzunguko, kwa kiasi kile kile kila upande, uendeshe hadi Usa River na kurudi, kisha uzitazame plagi tena. Ukishuka nayo pwani, zirudishe.