Rivolva ya mtutu mfupi: baruti gani, kichwa gani?

kidole_chepesi:
Wakuu salama? Nina rivolva ya .38 Special, mtutu haufiki hata inchi 2, mwili wa alumini, matundu matano. Kujaza risasi mwenyewe nilianza mwaka jana ila nilikuwa najazia ile yangu ya inchi 6, sasa juzi nikachukua zile zile nikatia kwenye hii fupi, aisee, moto unatoka kama fundi anachomelea geti, kiganja kinauma, halafu raundi ya tatu silinda ikagoma kuzunguka kabisa. Jamaa mmoja akaniambia mtutu mfupi unataka baruti inayoungua haraka ili iishe kabla risasi haijatoka nje, mwingine kaniambia hizo stori tu. Nani mkweli? Vichwa ninavyo vya greni (kile kipimo kidogo cha uzito) 158 vya madini ya risasi na 125 vya kupakwa shaba. (Lugha yetu nayo, kichwa ni risasi, madini risasi, na zima lake pia risasi, mtanielewa tu.)

Mzee wa Maganda:
Mkuu, wote wawili wamekupa nusu. Ukipima kwa mashine ya kupima mwendo wa risasi utakuta baruti ya taratibu mara nyingi bado ndiyo inatoa spidi kubwa hata kwenye mtutu mfupi, kwa sababu inajazwa nyingi zaidi na gesi inakuwa nyingi. Kwa hiyo ile habari ya kwamba ya haraka inakupa spidi zaidi, futa. Ila sasa hiyo spidi ya ziada unailipia. Risasi ikitoka mdomoni gesi bado ina presha kubwa, inalipuka mbele ya uso wako, ndiyo huo moto na kelele. Na baruti yenyewe ina uzito, ikitoka kama gesi na yenyewe inasukuma bastola nyuma, ukizidisha baruti umezidisha teke.

Mimi kwa hizi fupi situmii kabisa zile za taratibu za magnum (risasi za nguvu kubwa) kama H110, hiyo haitaki hata kupunguzwa, mtengenezaji mwenyewe anakataza. Natumia za haraka, Bullseye, Titegroup, W231 (HP-38 ni hiyo hiyo, kopo tu tofauti). Ukitaka kupanda kidogo, Unique, ila kwenye vipimo vya chini inaacha uchafu wa vipande vipande. Spidi inapungua kiasi, sawa, lakini risasi ya pili unaweza kuilenga.

fundi_silinda:
Naomba niongelee hiyo silinda maana hapo watu wanapapita haraka. Ilipogoma, ulichungulia mbele ya silinda? Bastola nyepesi ikipiga teke inarudi nyuma kwa nguvu na ganda linarudi nayo, kichwa kizito kinabaki palepale, yaani ni kama kinachomolewa kidogo kidogo kila unapofyatua zile za jirani. Kikitokeza kuliko silinda kinagonga fremu, basi, umekwama na risasi nzima ndani. Dawa yake ni kubana mdomo wa ganda vizuri kwenye ule mfereji wa kichwa. Hivyo vya kupakwa shaba vingi havina mfereji na ukivibana sana unakata ngozi ya shaba, kwa hiyo kwa alumini mimi sivipendi.

Jipime hivi: jaza tano, moja ipime urefu kwa kalipa uandike, itie tundu la mwisho, piga nne, itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, rudi kwenye mashine ukabane mdomo upya.

Kama haikurefuka basi ni baruti isiyoungua imeingia chini ya ile nyota ya kutolea maganda. Hata punje moja inatosha kuifanya silinda iwe nzito. Unapotoa maganda elekeza mdomo juu, piga fimbo mara moja kwa nguvu, na mswaki wa zamani uwe mfukoni.

Dada Shabaha:
Kaka kama ni ya mazoezi jaribu wadikata za greni 148, zile bapa zinazozama karibu zote ndani ya ganda. Teke dogo, tundu kwenye karatasi kama limepigwa na mashine ya ofisi. Ila zile zenye uwazi matakoni usizikimbize, sketi yake (ule ukuta mwembamba unaozunguka uwazi) inaweza kukatika ikabaki ndani ya mtutu. Na kuziingiza kwenye silinda haraka haraka ni tabu maana hazina ncha.

Kuhusu 125 na 158: saiti zako (vile vya kulengea) hazirekebishiki, si ndiyo? Nyingi zimepangwa kwa 158. Kichwa chepesi kinawahi kutoka kabla mdomo haujanyanyuka sana, kwa hiyo kinapiga chini. Usije ukalaumu kidole chako bure. (Au laumu, mimi sijui unavyofyatua 😂)

bwana_haraka:
Sasa si mtaje tu greni ngapi za Titegroup tumalize?

Mzee wa Maganda:
Sitaji, na akitaja mtu hapa usimfuate. Fungua kitabu cha aliyetengeneza baruti, tafuta kichwa hicho hicho, anzia chini. .38 Special ni ganda la enzi za baruti nyeusi, 1898 huko, lina shimo refu kuliko linavyohitaji. Kipimo cha baruti ya haraka kinakaa chini kabisa huko, ukimimina mara mbili haimwagiki, wala huoni tofauti ukichungulia ovyo. Maganda yote kwenye trei, tochi, macho ndani ya kila moja kabla hujaweka kichwa. Na ukipiga ukasikia "pfu" badala ya mlio, simama hapo hapo, toa zote, angalia mtutu kama umeziba. Jirani yangu pale uwanjani alipiga nyingine nyuma yake, mtutu ukavimba kama chatu aliyemeza mbuzi.

kidole_chepesi:
Nimerudi. Nimefanya ile ya kalipa, ya tano imerefuka karibu milimita moja, aibu. Nilikuwa sijabana mdomo kabisa, nilisukuma tu kichwa ndani nikaridhika. Za inchi 6 zilizobaki nimezitenga kwenye boksi lake. Dada Shabaha, hizo wadikata unazibana kwenye mfereji wa juu au unaacha mdomo wa ganda ulale juu ya bega lake?

Dada Shabaha:
Mfereji wa juu, kidogo tu. Na kitabu chako kitakupa urefu wote, ufuate huo.