Bendera nyekundu imeinuliwa kisahani kikiwa bado HEWANI!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule mwamuzi wa kurusha kisahani wa mashindano ya sekondari, mnamjua, yule anayesimama nyuma ya wavu kama mwenye nyumba, leo karudia tena! Binti ninayemfundisha kazunguka vizuri, kaachia, naangalia kisahani kinakwenda... mzee kashanyanyua bendera nyekundu. Hakijatua! Kiko juu huko!

Namuuliza kosa ni lipi, ananijibu "kagusa chuma." Chuma gani? Ncha ya kiatu iliegemea ubavu wa NDANI wa ukingo wa chuma wa duara la kurushia, na hilo linaruhusiwa. Kosa ni kukanyaga juu ya ukingo au kugusa ardhi nje ya duara. Duara lenyewe kipenyo mita 2.50, mlitaka mguu uende wapi?

Nikapinga palepale ili mwamuzi mkuu aagize mrusho upimwe, ubishi uje baadaye. Wapi! Kugeuka, msaidizi wake kashakanyaga alama kwenye nyasi. Tupime nini sasa? Na narudia, bendera ilikuwa juu kisahani kikiwa hewani!

Bega la Tufe: Huyo namjua. Anakupa nyekundu ukiwa bado unafunga kamba za viatu.

Mstari Mweupe: Mleta mada, hujasema binti alitoka kwenye duara kupitia upande gani. Kama alitokea nusu ya mbele, bendera ni halali, lia taratibu.

Mleta mada: Alisubiri kitue, akatokea nyuma, tena anatembea! Soma uzi mkuu. Kilikuwa HEWANI!

Bega la Tufe: Hewani tumesikia, hadi waliolala wamesikia.

Ncha Kwanza: Nyie afadhali. Sisi wa mkuki tumefutiwa mrusho eti haukuchoma ardhi. Tangu lini? Ncha ikitangulia kugusa chini imetosha!

Mkimbiza Kijiti: Mkuki kitu gani, njooni kwenye mbio za kupokezana kijiti, 4x100. Kijiti kimepokelewa ndani ya eneo la mita 30, tukaondolewa kisa miguu ya mpokeaji imeshavuka. Kinachoangaliwa ni kijiti, si miguu!

Mstari Mweupe: Nyie si ndio mliokiangusha?

Mkimbiza Kijiti: Tuliangusha sisi? Ulikuwa unaangalia njia ya ngapi wewe?

Ncha Kwanza: Ya nne. Nilikiona kinabiringika.