Orodha ya mateka kwanza, au saini kwanza?

Mleta mada: Nairobi tumezoea kupokea wagomvi wa watu. Mkataba wa Sudan ulitiwa saini hapa tarehe 9 Januari 2005. Novemba 2022 makamanda wa Ethiopia na Tigray nao wakakaa hapa baada ya mkataba wa kusitisha vita wa Pretoria. Swali langu: mateka wasiojulikana walipo wahesabiwe kabla ya saini au baada? Mimi nasema kabla.

Tazameni vita vya Korea. Wakomunisti, yaani Korea Kaskazini na China, walikuwa wametamba kwamba wamekamata watu kama 65,000. Orodha zilipobadilishwana Panmunjom, kwenye mazungumzo ya kusitisha vita, Desemba 1951, yao ilikuwa na majina 11,559. Wengine wako wapi? Wakajibu kuwa wengi waliachiliwa huko huko vitani. Hebu fikiria wewe ndiye mzazi unayepewa jibu hilo.

Kijana wa Umoja: Ndugu, umeisimulia nusu. Upande wa Umoja wa Mataifa ulileta majina 132,474, nao ukaulizwa mbona maelfu waliotajwa awali hawamo. Isitoshe, hesabu hiyo ilifanywa Desemba 1951 na vita vikaisha 27 Julai 1953. Kilichowakwamisha muda huo wote ni suala la mateka: zaidi ya 22,000 wa Kaskazini na China walikataa kurudi kwao. Watu wanabishania mateka kwenye mahema ya mazungumzo, huku wenzao wanaendelea kufa milimani. Mama ambaye mwanawe yuko handakini usiku huo utamwambia asubiri orodha?

Mleta mada: Hapo unachanganya mambo mawili. Kumrudisha mtu kwao ni kazi, naelewa. Kumtaja jina ni karatasi tu. Mkataba wa Geneva wa 1949 unamtaka aliyemkamata apeleke taarifa zake hata vita vikiendelea. Kwa hiyo mwenye kuja mezani bila orodha kachelewa tayari, na asitake tumlipe kwa kuchelewa kwake.

Wakili wa South C: Mfano wa jirani utawafaa zaidi. Ethiopia na Eritrea walitia saini mkataba wa amani Algiers, Desemba 2000, wakakubaliana kuachilia mateka bila kuchelewa. Kisha Ethiopia ikasimamisha kuwarudisha Waeritrea, ikitaka kwanza ielezwe waliko watu wake ambao hawakuwa kwenye orodha ya Eritrea, akiwemo rubani Bezabih Petros. Tume ya Madai, iliyoundwa na mkataba huo kuamua madai ya nchi hizo mbili, ilipoamua, Julai 2003, ilisema kusimamisha kwa muda ukingoja jibu la swali la haki si kosa. Ila Eritrea ilipokwisha kuwaachilia mateka wake mwaka 2002, Ethiopia ikazidi kukawia, na kwa siku 77 za mwisho ikapatikana na hatia.

Yaani unaweza kubana, lakini unayembana ni mateka aliye mkononi mwako, ambaye hakumficha mtu.

Kijana wa Umoja: Hilo ndilo linaloniuma. Mtu kafungwa miaka miwili baada ya amani kwa sababu ya wasioonekana.

Mzee wa Kariokor: Wanangu, mtaa wangu umepewa jina la wapagazi wa vita vya kwanza, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Sasa niambieni: El Adde, kambi ya jeshi letu huko Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab, 15 Januari 2016. Askari wetu waliuawa, wengine wakachukuliwa. Serikali haikutoa idadi rasmi. Al-Shabaab hatuketi nao meza moja. Hapo orodha kabla ya saini ina maana gani?

Mleta mada: Mzee, umenishika pabaya. Bila meza hakuna saini ya kuzuia, na Wakili kanionyesha kwamba hata penye meza anayebanwa ni mateka. Basi napunguza dai langu: majina yatolewe kabla ya saini, ila asizuiliwe hata mfungwa mmoja kwa ajili ya majina hayo. Kuhusu El Adde, orodha ya walioamkia kambini asubuhi ile tulikuwa nayo sisi wenyewe. Hiyo haikuhitaji ruhusa ya adui.